Altimita mbili uani kwa babu

Leo nimeumbuliwa na mtu aliyeruka na parachuti mara ya mwisho enzi za Ujamaa.

Ni babu yangu, mwanajeshi mstaafu.

Mnajua nimeanza kujifunza kuruka. Sasa natakiwa kununua altimita yangu ya kwanza, ile ya kuvaa mkononi inayoonyesha uko juu kiasi gani. Nimeazimwa mbili nijaribu: ya mshale na ya kidijitali.

Nikaziweka zote sifuri stendi ya Same, nikapanda gari la Chome, juu milimani kwa babu.

Nilipomaliza chai kwa babu, nikaziangalia. Ya mshale inasoma mita elfu moja na mia moja. Ya kidijitali, sifuri.

"Babu, hii ya kidijitali ni mbovu. Nairudisha."

"Ukiruka ukatua hapa uani, parachuti unafungua ikisoma ngapi?"

"Elfu moja na mia mbili."

Halafu nikaiangalia tena ya mshale. Kwa ile ya mshale niliyokuwa naisifia, ningefungua mita mia moja tu juu ya migomba yake.

(Ya kidijitali ikitulia mahali hujiweka sifuri yenyewe. Maelezo yapo kwenye boksi. Sikusoma.)

Babu akaichukua ya mshale, akazungusha kitufe mpaka sifuri.

"Nyie wa Same mnadhani chini ni kwenu tu."

Wanaoruka, mngechukua ipi?

Mimi nachukua ya mshale, inilazimishe kuweka sifuri mwenyewe kila ninapotua. Ile nyingine imenisahihisha kimyakimya, nami nikaiita mbovu.