Herufi za Maharagwe

Harufu ya maharagwe mabichi, yale yaliyotoka kumenywa yakiwa bado na unyevu wa shamba, hunirudisha kwenye kilima chetu kule Masisi, miguuni pa mama. Yeye alikuwa amefika darasa la tano kabla hawajamwoza. Alipochambua maharagwe aliyapanga juu ya ungo yakawa herufi, nami ilinibidi nizisome kabla hayajaingia chunguni. Nikikosea, aliyavuruga na kuanza upya. Baba alilalamika huku akicheka, "Mama Riziki, tutakula ao tutasoma?"

"Tutasoma kwanza," mama alijibu.

Hata vita vilipotufukuza tukakaa kambini bila shule, aliniandikia maneno kwa kipande cha mkaa ukutani mwa hema. Shule zilipofunguliwa, walimu walisema nina kichwa. Niliwaamini, jamani.

Mama alifariki kwa homa mdogo wangu Furaha akiwa bado ananyonya. Baada ya mazishi baba alinipeleka kwa shangazi mjini Goma, nikaendelea na masomo. Furaha alibaki kilimani na koko, mama yake baba, aliyempenda mno lakini hakuwahi kukaa darasani hata siku moja.

Mwaka mmoja nilirudi likizo nikamkuta Furaha yuko darasa la tatu. Nilimfungulia kitabu chake, nikamwambia asome. Aliimba ukurasa mzima bila kusita, macho yake yakiwa kwangu. Nikaweka kidole juu ya neno moja tu. Hakuweza kulisoma.

"Dada, ku masomo tunasemaka wote pamoja," alisema. "Kama wengine wanasema, na miye nasema."

Nilimgeukia koko kwa hasira. Aliacha kumenya mihogo.

"Miye namutumaka ku masomo kila asubuhi," alisema taratibu. "Nguo yake namufulia. Kama anajua ao hajue, miye nitaona wapi?"

Nilianza kumfundisha mwenyewe. Likizo iliisha kabla herufi hazijaisha. Baadaye Furaha aliacha shule, na leo anabeba mizigo ya madini kwenye vilima vya Rubaya. Mimi ni mwalimu.

Nilichelewa kuelewa kwamba sikumpita mdogo wangu kwa akili. Nilimpita kwa miaka ya kuishi na mama, basi. Sasa mwanawe wa kwanza ameanza shule. Kila jioni Furaha humwuliza, "Leo walikufundisha nini?" Jibu lolote analopewa, sahihi au la, hulipigia makofi.