Siku Kumi na Nne za Mchomeleaji

Ofisini walimwita Mama Kamusi. Kwa miaka ishirini na mitatu alikuwa akitafsiri karatasi za hospitali, mahakama na viwanda, chini ya feni iliyozunguka kama inalazimishwa. Neno la Kiingereza lililomchosha kuliko yote lilikuwa dischaji. Askari akiaga jeshi, dischaji. Mshtakiwa akiachiwa huru, betri ikiisha moto, mgonjwa akiruhusiwa kwenda nyumbani, neno lile lile. Aliwahi kumtania bosi wake kwamba aliyelitunga alikuwa mvivu wa kufikiri.

Mwaka ule mama yake mzazi alikuwa kitandani, hajiwezi. Asubuhi alimwogesha, jioni alimlisha, na katikati alitafsiri kurasa arobaini. Macho yalimuuma, mgongo ndio usiseme.

Siku moja, saa tano asubuhi, mwanamke aliingia amemshika mkono mumewe, mchomeleaji wa kiwandani. Mume alichechemea, jasho linamtiririka. Kitambaa alichofungwa mguuni kilikuwa kimelowa, na harufu yake ilitangulia kufika.

"Shikamoo, mama," alisema mke.

"Marahaba, mwanangu. Kaeni."

"Kiwandani wanasema amepona. Barua inasema ameruhusiwa. Siku kumi na mbili anasimama kazini na mguu huu. Tumeona tuje kwa aliyeiandika."

Mama Kamusi alivaa miwani, akaipokea barua. Muhuri ulikuwa wake, sahihi yake. Akatafuta kwenye faili karatasi ya daktari. Ilikuwa na mstari mmoja: mguu wa kushoto, dischaji, siku kumi na nne. Akautazama mguu ule, akaelewa: daktari alimaanisha usaha, ambao nao huitwa dischaji, ulikuwa umetoka siku kumi na nne. Yeye alikuwa ameandika kwamba mgonjwa ametibiwa siku kumi na nne na kuruhusiwa.

Angeweza kumsukumia daktari lawama, na nani angebisha? Lakini alikumbuka kwamba alikuwa na simu mezani siku ile na hakuiinua kumuuliza.

"Kosa ni langu," alisema.

Mchomeleaji aliinua uso. "Mimi nilijua haujapona, mama. Ila karatasi ilisema hivyo, nikadhani labda ni mimi nisiyejua."

Maneno hayo yalimchoma kuliko matusi. Aliita teksi, akawapeleka hospitali, kisha akaandika tafsiri sahihi na kuipeleka kiwandani kwa miguu yake.

"Niamini karatasi ipi sasa," msimamizi akamuuliza, "ya leo au ile ya kwanza?"

"Ya leo. Ile niliiandika nimechoka, sikuuliza."

Mguu uliokolewa, lakini vidole viwili vilikatwa. Kiwanda kiliahidi kumpa mchomeleaji kazi ya kukaa, ya kukagua vipuri. Mama Kamusi alipewa barua ya onyo, akaisaini. Jioni hiyo alimpigia dada yake simu, jambo aliloliahirisha miezi minane.

"Njoo unisaidie kumlea mama. Nimeshindwa."

"Kwa nini hukusema mapema?" dada aliuliza.

Baadaye alikwenda wodini kumjulia hali mchomeleaji. Alimkuta amekaa, ameegemea mto.

"Karibu, mama," alisema, akamsogezea kiti kwa fimbo yake.

Mkewe aliendelea kukunja nguo. Hakumsalimu, wala Mama Kamusi hakumlaumu. Alikaa dakika chache, akauliza kama mguu unauma, akaambiwa unauma kidogo.