Mabakuli ya Mwanarusi

Mwanarusi wa Mtongwe alifeli mtihani wa biashara alasiri moja akichekecha unga. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amekaanga mahamri kwenye baraza ya nyumba ya Mzee Abdulghani, na wala hakujua kwamba kazi haijui. Aliyemfumbua macho ni Lynnette, binti mpole wa utafiti, aliyezunguka na maswali yaleyale wanayoulizwa wafanyabiashara wadogo wa nchi saba.

Umesoma mpaka wapi? Una mpango wa maandishi? Mshauri je? Unapima vipi mahitaji ya soko? Mwanarusi alijibu kwa adabu zote: kasoma mpaka la nne, mpango hana, mshauri wake ni Mungu, na soko yeye halipimi, hulilisha. Lynnette akabonyeza tableti yake, nayo ikatoa hukumu: uwezekano wa kufaulu ni mdogo sana. Akaaga, akayaruka mabakuli yaliyopangwa mlangoni, akaenda zake.

Mzee Abdulghani alikuwa pembeni na kikombe chake cha kahawa, na hakuna neno lililompita. Mwenye nyumba hapuuzi elimu ya nchi saba, hasa inapoandamana na Erastus, kijana wa bara mwenye stashahada ya biashara, aliyekwisha kuitamani baraza ile. Wiki hiyohiyo Mwanarusi akaombwa, kwa heshima, ahamie uani. Alilia. Baraza ile ndiyo iliyomsomesha Nadira, bintiye, baada ya baba yake kufariki.

Erastus alikuwa na kila kitu: mpango wa kurasa arobaini, mshauri wa Nairobi, mifuko ya karatasi yenye jina lake. Pia alikuwa na kibao: "Vyombo haviwekwi hapa." Aliyaona mabakuli yale kuwa uchafu. Hakujua kwamba kila alasiri nyumba za mtaa huleta mabakuli yenye alama zao, huyu uzi, yule rangi, yajazwe mahamri asubuhi. Bakuli likikua, wageni wamefika. Lisipokuja, watu wamesafiri. Mwanarusi huyatazama kwanza, ndipo apime unga.

Basi watu, kwa kuwa hawakuusoma mpango wa Erastus, wakazunguka na mabakuli yao hadi uani. Erastus alikanda kwa kufuata ukurasa wa kumi na nane: siku ya arusi mahamri mia nne, na siku mtaa mzima uko matangani, mia nne. Kuku wa jirani walinenepa vizuri. Mwezi wa nne akafunga, akarudi kwao na kibao chake.

Lynnette alirudi kwa awamu ya pili, akamkuta Mwanarusi uani. Maswali yaleyale, hukumu ileile. Hawajamaliza, Mzee Abdulghani akatokea, akakohoa, akamwomba arudi mbele, kwani yeye wallahi hakuwahi kumtilia shaka.

Mwanarusi akanyanyua bakuli moja lenye uzi wa kijani.

"Mzee wangu, bakuli lako hili limekuja uani kila siku tangu uliponihamisha. Mbele ulimpa atakayefaulu, kula ukaja kwa atakayefeli. Barazani nitarudi kesho, inshallah. Lakini unga wa bakuli hili leo sipimi."

Akamrudishia mkononi. Lynnette akauliza, kwa upole wake, jibu hilo aliandike kwenye swali la ngapi.