Sumaku ya Spika Mbovu

Leo wapenzi wenzangu wa magari ya kizamani wamenileta kwenye gereji moja ya Dunda. Iliponipiga harufu ya pati ya kuzibia kutu, nikaanza kugongagonga milango kama daktari wa bandia.

Utotoni, baba alitaka kununua pikapu kuukuu ya kubebea mananasi yetu kutoka Miono. Hakumwamini fundi, akanitilia mfukoni sumaku ya spika mbovu.

"Ipitishe bodi nzima kimyakimya. Isiposhika, hapo ni pati tupu, gari limeoza."

Kwenye mlango wa pikapu sumaku ikadondoka. Fundi akaniona.

"Mwanangu, soda ya baridi unakunywa?"

Nikanywa. Shule ilinishinda, soda haijawahi.

"Vipi?" baba akaninong'oneza.

"Imeshika kote, baba," nikasema huku nikipiga mbweu.

Baba akatabasamu, akamgeukia fundi. "Basi naichukua."