Wembe wa Mama Mkubwa

Juzi, huko Vwawa, daktari alimwambia mama kwamba kichwa kinachomtesa miaka yote hii kinaitwa kipandauso, na kwamba kuna vidonge vya kumeza kila siku ili maumivu yasianze kabisa.

Mama akauliza, "Vimekuwepo tangu lini?"

"Siku nyingi, mama."

Nikaikumbuka alasiri moja ya utotoni, nyumbani kwetu Tunduma.

Malori yaliyosubiri kuvuka mpaka yalikuwa yakipiga honi, na moshi wa dizeli uliingia hadi chumbani. Mama alikuwa amelala gizani, kichwa amekikaza kwa kitenge, akitapika kwenye beseni. Nilidhani amenikasirikia, maana kila nilipoongea alifumba macho. Dada yake, mama mkubwa, alikuwa amefika kutoka Ileje na unga mweusi wa mizizi, wenye harufu kali ya kuungua. Nilipochungulia, nikamwona ameshika wembe, na damu inachuruzika usoni kwa mama.

Nikakimbilia kwa jirani yetu, Mama Zuhura.

"Mama mkubwa anamchinja mama!"

Mama Zuhura akaja mbio, akampokonya ule wembe. "We dada, unamuua mwenzio?"

"Namchanja chale za dawa," mama mkubwa akajibu, naye ameshtuka.

Hapo mama akanyoosha mkono. "Mrudishie wembe, Mama Zuhura," alisema. "Mwache akate. Hata akikiondoa kichwa chote, nitamshukuru."