Ufutio wa Mjomba

Juzi kompyuta ya ofisini iligoma kuwaka. Fundi akachomoa memori, kile kibao chembamba chenye meno ya rangi ya dhahabu, akaanza kuisugua kwa ufutio wa shule. Harufu ya ule mpira ikanirudisha Kibiti, kwenye steshenari ya mama.

Ilikuwa mchana, korosho zinachomwa kando ya barabara, wachuuzi wanayakimbilia mabasi. Kompyuta yetu ililia pii, pii, pii, kioo kikabaki cheusi. Siku zote ilipowaka, marehemu baba ndiye aliyetokea kiooni, amesimama ufukweni Nyamisati, suruali kaikunja hadi magotini, anacheka. Picha yake nyingine hatukuwa nayo. Mimi nilidhani anaishi mle ndani, na kwamba mlio ule ni yeye anaita.

Mjomba akaifungua, akapuliza vumbi, akachomoa memori, kisha akatia mkono kwenye mkoba wangu wa shule, akatoa ufutio. Kazi ya ufutio nilikuwa naijua: ukipita, hakibaki kitu. Nikamng'ang'ania mkono.

"Mjomba, usimfute baba!"

Mama alicheka, halafu akageukia ukutani.

"Huyu hafutiki, mwanangu," mjomba akasema, akaisugua memori taratibu, akairudisha.

Feni ya kompyuta ikavuma. Baba akatokea, anacheka vilevile.

Leo najua kwamba ulikuwa uchafu tu kwenye meno ya memori, na picha wala haikuwa humo. Lakini juzi, ile kompyuta ya ofisini ilipowaka, wenzangu walirudi kwenye kazi zao. Mimi nilibaki nakitazama kioo, nikisubiri.