Deraya ya Mpanda Farasi

Walimwita Fundi Pamba kwa sababu nyuzi za pamba hazikumtoka nyweleni, hata siku ya kumzika mkewe. Cherehani yake ilikuwa kwenye chumba cha deraya, nyuma ya jumba la makumbusho, na kazi yake ilikuwa kuziba yale yaliyotafunwa na vita na nondo. Wageni walipenda mavazi ya chuma ya Wazungu, yanayong'aa kama sufuria mpya. Yeye aliyadharau. "Hayo hayakwenda popote," alisema. "Deraya iliyofika vitani ina tundu." Alizithamini za Kijapani, vipande vilivyofungwa kwa kamba za hariri, na za Kituruki, pete ndani ya pete. Lakini moyo wake ulikuwa kwa wapanda farasi wa Borno, dola ya kale ya Afrika Magharibi, na majoho yao ya pamba, manene kiasi cha mkuki kuchoka kabla ya kufika mwilini.

Jioni moja binti yake wa pekee, muuguzi wa jeshi, alikaa mezani akasema, "Baba, tumeitwa. Wiki ijayo tunapelekwa mpakani." Kazi yake ilikuwa kuwafuata majeruhi pale pale walipoangukia.

"Mmepewa kinga?"

"Hazitoshi. Wanaanza wenye bunduki."

Fundi hakula tena. Alijua vizuri kwamba pamba haizuii risasi. Miaka yote alikuwa akiingiza kidole kwenye matundu ya risasi. Lakini vipande vya bomu, je? Mawe? Mfa maji haishi kutapatapa, na simcheki, kwa kuwa sina hakika mimi ningefanya nini.

Akaipima deraya ya Borno tabaka kwa tabaka, akashona nyingine kama hiyo kwa kimo cha bintiye. Kando ya ile ya Borno ilining'inia nakala ya fulana ya wapiganaji wa kale wa Meksiko, ya pamba iliyokazwa kwa maji ya chumvi, unene wake vidole viwili tu. Aliitazama, akaipita. Kwa mwanawe aliiona hafifu mno.

Bawabu wa makumbusho alimwonea huruma. "Fundi, pumzika. Ajali haina kinga."

"Aliyesema hivyo hajaingia chumba hiki," akajibu, akaendelea kukanyaga cherehani huku machozi yakimdondokea kwenye kitambaa.

Siku ya safari binti aliivaa uani, akashindwa kushusha mikono, akacheka. "Baba, nimekuwa godoro."

"Godoro halijaua mtu. Niahidi hutaivua."

Binti aliacha kucheka. "Naahidi, Baba."

Halafu ikawa kungoja. Redio ilitaja vilima na mito, haikutaja mtu. Fundi alishona mikono ya majoho isiyohitaji kushonwa, akaifumua, akaishona tena. Mvua zilikuwa zimekwisha wakati askari wa kike, mkono wake umefungwa bendeji, alipoingia chumba cha deraya na begi la binti wa Fundi.  

Fundi alilifungua begi, akaitandaza deraya mezani, akaipapasa mshono kwa mshono kama alivyozipapasa zote maishani mwake. Alikuwa akitafuta tundu. Alilitaka kuliko pumzi, walau moja, ajue kwamba kazi yake ilisimama mbele ya mwanawe. Halikuwapo. Palikuwa na damu kavu tu, mgongoni.

"Damu hii?"

"Si yake, mzee. Aliwatandikia majeruhi. Kila mmoja alitaka kulazwa juu ya deraya hii."

"Aliniahidi hataivua."

Askari aliinamisha kichwa. "Aliivaa. Akaanguka kwa uzito na joto, tukambeba. Akaivaa tena, akaanguka tena. Mkuu wetu ndiye aliyemvua; siku alipouawa hakuwa nayo mwilini. Mzee, sisi tunatembea kwa miguu."

Fundi aligeuka. Chini ya deraya ya Borno, mahali pake pa siku zote, palikuwa na tandiko la farasi. Yeye ndiye aliyekuwa akilipangusa vumbi. Kando yake ilining'inia ile fulana nyembamba ya Meksiko, ya watu waliopigana wakiwa wima kwa miguu yao.

Akaishusha kazi yake sakafuni, akalala juu yake, akalia kwa sauti mpaka bawabu akafunga mlango wa wageni.